Mawe matatu ya kupumzikia: kisa cha mjamzito aliyetibiwa pumu

Mama mkwe wake ndiye aliyetuambia ugonjwa, nami sikumsikiliza. Alisimama mlangoni mwa wodi, kanga begani, akasema: "Daktari, huyu mwanangu halali. Usiku kucha amekaa kitako kama kuku anayeatamia." Nikamjibu, "Sawa mama, tunamhudumia," nikarudi kwenye faili. Faili lilisema pumu.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu nimemshona kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja wa aina yake, ili asitambulike mtu. Mahali ni milima ya Usambara, hospitali ya wilaya. Mwanamke wa miaka 26, mimba ya tatu, wiki ya 27.

Alikuja kwa rufaa ya kituo cha afya. Barua ilieleza wiki sita za kikohozi na kubanwa kifua, zaidi usiku. Mara mbili alikuwa ametema makohozi yenye michirizi ya damu, akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Alishamaliza dozi mbili za antibiotiki tofauti, na mkobani alikuwa na kipulizi cha salbutamol, dawa ya pumu, kilichokaribia kwisha. Siku ya rufaa alionekana mnyonge, wakamtundikia dripu ya lita moja. Simlaumu aliyeitundika. Mjamzito aliyeishiwa nguvu, mkono wa kila mmoja wetu hukimbilia dripu.

Alipofika kwetu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika godoro, anahema mara 36 kwa dakika. Mapigo 124. Presha 98/62. Oksijeni kwenye damu asilimia 86. Hana homa. Kifuani nilisikia mluzi pande zote na, kwa chini, mchakacho wa maji kama karatasi ya plastiki inayokunjwa taratibu. Mluzi ulinivuta. Nikaagiza nebulaiza ya salbutamol, yaani dawa ivutwe kama mvuke, na baada ya dakika 20 mapigo yalikuwa 142 na oksijeni 82.

Pumu ikipewa salbutamol hulegea. Hii ilikaza. Hapo ndipo nilipotoka nje kumtafuta yule mama mkwe, nikamsalimia upya, shikamoo ya pili siku hiyo, nikamwomba anieleze tena habari ya kuku anayeatamia.

Alichonieleza nakiandika kwa kirefu kwa sababu ndicho kisa chenyewe. Kijiji chao kiko juu, maji yako bondeni. Njiani kuna mawe matatu makubwa ambayo wanawake hutua ndoo. Huyu binti alipoolewa alikuwa akipanda moja kwa moja. Mimba ya kwanza alianza kutua kwenye jiwe la juu. Akajifungua, akarudi kama kawaida, ingawa si sawasawa. Mimba ya pili alitua kwenye mawili, na baada ya kujifungua alilala siku tatu "kifua kinachemka", wakadhani amepigwa na baridi. Safari hii, tangu mwezi wa nne wa mimba, anatua kwenye yote matatu na ndoo haifiki; anaibeba mtoto wa jirani. Na tangu wiki tatu zilizopita, akilala chali anaamka anatafuta dirisha.

Daktari wa mjini angempandisha mgonjwa kwenye mashine ya kukimbilia apate kipimo cha namna hiyo. Huyu alikuwa na kipimo cha miaka saba chenye alama tatu za mawe, na hakuna aliyemuuliza.

Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe kuhusu utoto. Alikuwa anaongea maneno mawili mawili. Alipokuwa na miaka kumi au kumi na moja aliumwa goti, likavimba, goti likapona, kikauma kifundo cha mguu wa pili, kisha kiwiko. Maumivu yalihama. Nyumbani walisema ametupiwa kitu. Kabla ya hapo alikuwa na koo linalouma kila mara, na walikuwa wameshamkata kimeo. Bado tunao watu wanaokata kimeo kwa kisu, na bado wazazi wanawapelekea watoto wenye mafindofindo. Ukiacha damu na maambukizi, ubaya wake mwingine ni kwamba familia huhesabu koo limetibiwa.

Koo halikutibiwa. Bakteria aina ya streptokoka wa kundi A wakikaa kooni mwa mtoto, zaidi kati ya miaka 5 na 15, kwa baadhi yao kinga ya mwili huchanganya mambo: inayoanza kumpiga bakteria hugeuka kupiga viungo na moyo. Wiki mbili tatu baada ya koo huja homa ya baridi yabisi, yenye maumivu ya viungo yanayohama. Viungo hupona bila alama. Milango ya moyo haiponi hivyo. Hubaki na makovu, na kila koo jipya lisilotibiwa huongeza kovu juu ya kovu. Antibiotiki ikiwahi ndani ya siku tisa tangu koo lianze, homa hiyo huzuilika. Sindano moja ya penisilini ya muda mrefu ingetosha kwa koo moja. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo hukasirisha, na ilishapita miaka kumi na tano.

Moyo una milango minne, na unaopenda kushikwa na ugonjwa huu ni wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini. Wataalamu huuita valvu ya mitrali. Kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita 4 hadi 6 za mraba. Kovu huunganisha pembe za mlango mpaka ubaki tundu kama la kifungo. Ukishuka chini ya sentimita 1.5 tunaita mbano mkali.

Hapa watu wengi, na wahudumu wa afya pia, hupotezwa na neno moja: "moyo wake ni dhaifu." Moyo wa mama huyu haukuwa dhaifu. Chumba cha kusukuma kilikuwa na nguvu zake zote. Tatizo lilikuwa kwamba damu haikifikii. Inarundikana chumba cha juu, inarudi nyuma mapafuni, mapafu yanalowa. Mapafu yaliyolowa hupiga mluzi kama ya mwenye pumu, na mishipa midogo iliyotuna ikipasuka hutoa damu kwenye makohozi kama ya mwenye kifua kikuu. Kila utambuzi aliopewa ulikuwa na sababu yake. Ila wote ulitazama mapafu, na mapafu yalikuwa jirani wa nyumba inayoungua.

Kwa nini mimba ndiyo ilimfichua? Kwa sababu mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na huongeza mapigo. Damu nyingi zaidi inapita kwenye tundu lilelile, na hesabu yake ni katili: ukitaka kupitisha damu maradufu kwenye tundu lisilopanuka, msukumo unaotakiwa ni mara nne. Halafu kuna muda. Mlango huu hupitisha damu moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Kwa mapigo 75, utulivu ule ni kama nusu sekunde kila pigo. Kwa dakika nzima moyo unapata sekunde 37 hivi za kujaa. Mapigo yakifika 130, kila utulivu ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na dakika nzima inatoa sekunde 26 tu. Moyo unavyokimbia ndivyo unavyojinyima. Sasa rudini kwenye nebulaiza yangu: salbutamol hukimbiza moyo. Na dripu ya kituo cha afya iliongeza maji kwenye mto ambao daraja lake limeziba. Tulikuwa tumemsukuma kutoka pande mbili, sisi na wao, kwa nia njema kabisa.

Nilisikiliza moyo tena. Sauti ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kubamiza, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Zaidi ya hapo sikusikia kitu. Kwa mapigo 140 hakuna nafasi ya kusikia. Kesho yake, mapigo yaliposhuka, nilimlaza ubavu wa kushoto nikaweka ule upande wa kengele wa stethoskopu chini ya titi, na mvumo ukawepo: mzito, wa chini, kama lori la mboga linalopanda mlima kutoka Mombo ukilisikia ungali mbali. Usipomgeuza mgonjwa ubavu, lori hilo hulisikii.

Hospitali yetu haikuwa na mashine ya eko, ile inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Tulikuwa na ile ya kuangalia watoto tumboni. Nikamwomba mwenzangu wa picha aiweke kifuani. Si chombo cha kazi hiyo, wala huwezi kupima nayo, lakini unaona. Tuliona chumba cha juu cha kushoto kikubwa kupita kiasi na jani la mlango likikunjika kama goti badala ya kupepea. Chumba cha chini kilisukuma vizuri. Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha matibabu.

Maana wajawazito wenye kuhema na mapafu yenye maji si wote wana ugonjwa mmoja. Yuko mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, lakini presha yake ingekuwa juu na mkojo ungekuwa na protini. Huyu alikuwa 98/62 na mkojo safi. Yuko mwenye moyo uliotanuka na kuchoka kwa sababu ya uzazi, ugonjwa unaotokea mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Huyu alianza mapema mno, na misuli yake ilikuwa mizima. Yuko mwenye damu iliyoganda mapafuni, ambayo humshika mtu ghafla. Yuko mwenye presha ya miaka mingi iliyonenepesha moyo. Hao ni wengi sana kliniki kwetu, ila mara nyingi wamevuka arobaini. Na yule mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, anayekuja na kifua kinachobana kama kamba hadi taya na mkono, jasho linamtoka: huyo ni wa aspirini na kipimo cha umeme wa moyo bila kungoja foleni. Wote watano jirani zao watasema "ana moyo". Dawa inayomwokoa mmoja inaweza kummaliza mwenziwe.

Matibabu ya usiku ule yalikuwa rahisi kuyaandika. Tulisimamisha salbutamol na dripu. Tulimketisha, miguu ikining'inia, oksijeni usoni. Furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, miligramu 40 kwenye mshipa. Baada ya saa mbili alikuwa amekojoa zaidi ya lita moja na kuhema kumeshuka hadi 26. Ndipo tukampa metoprolol, miligramu 25 kwa mdomo, ya kupunguza mapigo. Dawa hii ndiyo iliyomtia muuguzi wa zamu wasiwasi, na alikuwa na haki: mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma, ukimpa dawa hiyo akiwa angali amejaa maji, unaweza kumzamisha. Kwa mlango uliobana ni kinyume, kila pigo unalolipunguza unalirudishia chumba muda wa kujaa. Tulichagua metoprolol badala ya atenolol, ambayo kwa wajawazito huhusishwa na watoto wadogo wa uzito. Vidonge vya kundi la captopril, ambavyo huandikwa karibu kila mwenye moyo, hakupewa: vingemdhuru mtoto tumboni, na mlango visingeufungua.

Asubuhi mapigo yalikuwa 88. Alikuwa amelala. Mama mkwe alinitazama bila kusema neno, nikaona nastahili.

Siku nne baadaye bado akitembea hadi chooni alihema. Dawa zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake, na mimba ilikuwa na wiki kumi na mbili mbele, huku mzigo wa damu ukiendelea kuongezeka. Tukaandika rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Gari la wagonjwa lilishuka Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze. Alikwenda ameketi njia nzima, na muuguzi alikuwa na furosemidi mfukoni.

Kuhusu rufaa, kulikuwa na kikao cha familia kabla ya gari. Mume alikubali upesi. Baba yake mgonjwa alitaka mimba itolewe kwanza, "moyo utapata nafuu". Si hoja ya kijinga. Wapo wagonjwa wa moyo ambao tunawaambia hivyohivyo, hasa mapema. Lakini kwa wiki 27, kumzalisha kwa nguvu kukiwa na mlango huo kungekuwa hatari kuliko kuufungua. Nilimwambia: "Mzee, tundu likipanuliwa, mimba inaweza kubaki." Aliuliza kama watampasua kifua. Nikasema hapana, wataingilia kwenye paja. Akacheka kwa kutoamini, nami simlaumu.

Eko ya Dar ilipima mlango sentimita 0.9 za mraba. Misuli ilisukuma asilimia 60 ya damu kila pigo, ambayo ni kawaida. Presha ya mshipa wa mapafu ilikuwa juu sana. Majani ya mlango yalikuwa bado laini kiasi, hayajawa jiwe, mlango hauvujishi sana, na chumba cha juu hakikuwa na donge la damu. Haya matatu ndiyo huulizwa kabla ya kupanua mlango kwa puto, kwa sababu puto kwenye mlango uliokwisha kuwa chokaa huupasua vibaya, na kwenye donge la damu hulitupa kichwani.

Kazi hiyo ina historia fupi ambayo naipenda. Mwaka 1925, London, daktari wa upasuaji Henry Souttar aliingiza kidole kwenye moyo wa msichana unaopiga akapanua mlango kama huu. Msichana akapona, na wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine. Ilibidi ipite zaidi ya miaka 20 ndipo upasuaji huo ushike njia. Mwaka 1984 Kanji Inoue wa Japani na wenzake wakachapisha njia ya puto: mrija mwembamba unapanda kwenye mshipa wa paja, unatoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, puto linakaa mlangoni, linajazwa kwa sekunde chache, pembe zilizoungana zinaachana. Mgonjwa wetu alikuwa macho. Tumbo lilifunikwa kwa risasi kumkinga mtoto na mionzi. Mlango ukatoka 0.9 hadi 1.7. Baadaye alinisimulia kwamba alihisi "kama mtu amefungua dirisha nyumba nyingine".

Hakurudi kuwa mzima, na hili tulimwambia waziwazi. Sentimita 1.7 si 4. Tukapanga kujifungua hospitali yenye wataalamu wa moyo na wa uzazi, si kituoni. Kwa mgonjwa wa namna hii njia ya kawaida ndiyo bora, isipokuwa uzazi wenyewe ukidai kisu. Alipewa dawa nzuri ya maumivu, kwa kuwa uchungu hukimbiza moyo. Alisukuma kidogo, mtoto akavutwa kwa kikombe cha kunyonya. Kati ya dawa mbili za kukaza mfuko wa uzazi, oksitosini ilikwenda polepole, na ergometrini haikuguswa, kwa sababu hubana mishipa na kupandisha presha ghafla. Saa ya hatari kwa hawa si uchungu, ni baada yake: mfuko wa uzazi ukikaza hurudisha damu nyingi kwa pamoja, na mapafu yanaweza kujaa wakati watu wanapongezana. Mnakumbuka zile siku tatu za kifua kuchemka baada ya mtoto wa pili? Safari hii alikaa wodini saa 72 chini ya uangalizi. Mtoto wa kike, kilo 2.6.

Sasa penisilini. Mwenye mlango uliokwisha kuharibika hupewa sindano ya benzathini, ile penisilini ya muda mrefu, yuniti milioni 1.2, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Kwa kiwango chake tunasema hadi afike 40 angalau, pengine maisha. Hairekebishi mlango, inazuia kovu jipya. Lakini kuna jambo ambalo bado halijafika vituo vyote. Wagonjwa wachache wenye milango iliyobana vikali wamefariki mara baada ya sindano, na sisi tukaandika mzio. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba mengi ya matukio hayo huenda ni moyo wenyewe kushindwa kustahimili mshtuko wa sindano na presha kushuka, na kikashauri wenye mbano mkali na dalili watumie penisilini ya vidonge. Ndiyo maana kabla ya puto alimeza vidonge mara mbili kwa siku, na sindano ilianza baadaye. Tunamchoma akiwa amelala, amekunywa maji, amekula, na tunachanganya ganzi kidogo kwa sababu sindano ile inauma kweli. Wengi huacha kwa uchungu tu, si kwa kukosa dawa.

Uzazi wa mpango tulizungumza yeye, mume na mama mkwe pamoja, kwa ombi lake. Vidonge vyenye estrojeni tuliviweka kando kwa sababu ya kuganda kwa damu. Alichagua kijiti. Watoto wake wawili wakubwa tuliwapima. Mioyo yao iko sawa, na mama mkwe ameelezwa kwamba koo likiuma na homa, ni zahanati siku hiyohiyo, kimeo kibaki mahali pake.

Anakuja kila mwezi. Mvumo bado upo nikimlaza ubavu, mfupi kuliko zamani. Mlango unaweza kubana tena baada ya miaka, na mapigo yakianza kwenda bila mpangilio atahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vipimo vya mara kwa mara. Kila akija mimi humuuliza habari ya mawe. Mara ya mwisho aliniambia la chini na la juu hupita. La katikati bado anakaa, ila si kwa kuhema: hapo ndipo jirani yake humngoja.